Mzee Elijah Gatimu wa Wamae na Saa Nzima Tuliyongoja

Ndugu zetu wa Githanga, wageni wetu kutoka Nyeri mjini, Ruring'u na Mwea, wachungaji na wazee: poleni kwa tope, na asanteni kwa kuja. Mimi ni Gathoni, kifungua mimba wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi kule Ruring'u. Wasifu huu ulikuwa usomwe na baba mdogo, Theuri, kwa kuwa ndiye ndugu pekee wa Baba aliyebaki. Aliuandika kwa hati nzuri, na alipofika kwenye ugonjwa akaweka maneno manne: aliugua kwa muda mfupi. Mama aliposomewa Jumatatu alisema, "Hiyo futa. Andika vile ilikuwa. Hapa Githanga kuna watu wako na moyo kama yake, na ni yeye aliwafundisha kungoja."

Kwa hiyo nimefuta. Mtanivumilia nikikaa mno mahali ambapo wasifu hupita haraka. Lakini nitaanza pale ambapo watu wote huanza.

Marehemu Elijah Gatimu alizaliwa hapa Githanga, tarafa ya Othaya, mwezi wa Machi mwaka 1924, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Wamae na mkewe Gathoni. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika. Alipotakiwa kujaza fomu ya kitambulisho alichagua tarehe 17, akamwambia karani kwamba hiyo ndiyo siku mvua ya masika huanza kunyesha kwa adabu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1933, akitembea maili nne kwenda na nne kurudi, na akaiacha mwaka 1939 akiwa darasa la sita, baba yake alipofariki na mashamba yakabaki bila mtu. Alipenda hesabu kuliko chakula. Mwalimu wake mmoja, ambaye leo ni mzee sana na hakuweza kuja, ametuandikia kwamba Gatimu alikuwa mwanafunzi wa mwisho kuinua mkono darasani na wa kwanza kupata jibu. Hakupenda kusema jambo kabla hajalihakikisha. Tabia hiyo tuliiona nyumbani kila siku, hata kwenye kuchagua nyanya.

Mwaka 1940 alipata kazi katika duka la jumla mjini Nyeri, akipima sukari na maharagwe. Alifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1954, alipokamatwa pamoja na wanaume wengine wengi wa kilima hiki. Miaka ile hakupenda kuizungumzia, nami sitamsemea leo. Nitataja jambo moja tu, kwa sababu ndilo lililotuleta hapa. Mwaka 1957 alikuwa kizuizini Mwea na wenzake, wakichimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Siku moja, akiwa ameinama na sepetu, moyo wake ulianza kukimbia ghafla. Haukuanza polepole kama wa mtu aliyepanda mlima. Uliruka mara moja, ukaenda mbio hata shati likawa linatikisika kifuani. Wenzake walidhani ni jua. Baba alitumbukiza uso wote ndani ya maji baridi ya mfereji, akazuia pumzi, na moyo ukatulia ghafla kama ulivyoanza. Akafuta uso, akaendelea kuchimba.

Kuanzia siku hiyo, maji baridi yakawa ndiyo dawa yake.

Kabla ya hayo yote alikuwa ameoa. Tarehe 14 Desemba 1946, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani na Kagure, binti Mzee Kahiga. Mama anasema alimkubali kwa sababu siku alipokuja kujitambulisha alikalia kiti kibovu jioni nzima, akijishikilia kwa miguu, kuliko kuwaaibisha wenye nyumba kwa kuomba kingine. Walijaliwa watoto wanne. Mimi, kwa desturi yetu, nilipewa jina la mama yake Baba, naye maisha yake yote hakuniita Gathoni hata siku moja. Aliniita Mama. Nikiwa na miaka mitatu aliniomba ruhusa ya kwenda sokoni, na nikimkatalia alirudi kuketi. Naambiwa nilimkatalia mara nyingi.

Alirudi kutoka kizuizini mwaka 1959. Mwaka 1963, mwezi ule ule bendera ilipopandishwa, alipanda miche yake ya kwanza ya chai, na mwaka 1965 akachaguliwa kuwa karani wa mizani katika kituo chetu cha kununulia majani. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na mmoja. Wengi mlio hapa mmesimama kwenye foleni yake na makapu mgongoni, na wengi, tuseme ukweli siku ya leo, mmemlaani. Karani wa kituo cha ng'ambo ya mto alikuwa akitundika kapu, anatupa jicho, anaandika. Baba alitundika kapu, akaondoa mkono, akarudi nyuma hatua moja, akangoja mshale uache kuyumba kabisa. "Wacha itulie," alisema. "Ikitulia itasema ukweli." Hakuna aliyewahi kuondoka pale akidhani ameibiwa hata jani moja.

Na Jumapili, baada ya ibada, akina mama walimletea watoto wachanga awapime. Alitandika shuka safi ndani ya kapu, akamweka mtoto, akamtundika kwenye ndoano ile ile ya majani, akangoja. Mtoto mchanga haachi kurusha miguu. Baba alisimama hapo na kalamu yake akimwimbia pole pole mpaka mtoto ashangae, anyamaze, na mshale usimame. Mdogo wangu Kahiga alipotundikwa alimkojolea mkono wa shati, na Baba hakusogea. Aliusoma mshale kwanza.

Basi ndivyo alivyoutendea na moyo wake pia. Ulipoanza kukimbia aliketi kwenye kigoda kando ya ghala, akaomba karai la maji ya mtoni, akazamisha uso, akangoja. Nyumbani ikawa sheria. Redio inazimwa. Mbwa anafukuzwa. Hakuna anayemwuliza kitu. Mama anasema ilitokea mara kumi na saba, na kila mara, kabla chai haijachemka jikoni, moyo ulitulia naye akainuka akicheka, akiomba chai hiyo hiyo. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba moyo wa Baba una wazimu wake mdogo, na kwamba wazimu huo unatibika kwa kimya.

Akawafundisha na wengine. Mtu akilalamika kwenye foleni kwamba moyo unamwenda mbio, Baba alimweleza habari za karai. Mmoja wao ni jirani yetu Watiri, mama yake Wamucii, anayechuma chai shamba linalopakana na letu. Tangu mwaka 1974 amekuwa akitumia karai la Baba, na likamfaa.

Mwaka 1971 Mama alimlazimisha kwenda kuonwa na daktari mjini Nyeri, naye akaenda pamoja naye. Daktari alimpima akazungumza kwa Kiingereza na Kiswahili, na Mama, ambaye kwa wakati huo alikuwa na Kikuyu tu, akaketi pembeni akingoja kutafsiriwa. Njiani Baba alimwambia, "Amesema nikiketi na kutulia, itatulia." Mama akamshukuru Mungu. Kadi ya hospitali ikaingia ndani ya kisanduku cha bati cha Baba, chini ya risiti za mbolea, na hakuna aliyeisoma tena. Mimi nasoma Kiingereza. Ninafundisha watoto wa watu kukisoma. Miaka mitano sikuwahi kuliomba hilo bati.

Sasa nafika Jumamosi iliyopita, tarehe 9 Oktoba 1976.

Nilikuwa nimekuja kumwona. Saa sita na nusu mchana Baba alikuja nyumbani kutoka kituoni, na majani yalikuwa bado yanapimwa. Alikuwa amemwachia mwenzake kalamu. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kufanya hivyo, na hiyo peke yake ingetosha kutuinua. Aliketi kwenye kigoda. Nilimwona shingo ikipigapiga upande mmoja, nikakimbia kuleta karai. Mama akazima redio.

Alizamisha uso mara tatu. Haikusaidia. Nilimshika kifundo cha mkono nikaangalia saa yangu ili nihesabu, nikapotewa na hesabu kabla nusu dakika haijaisha. Kulikuwa na manyunyu na baridi, lakini jasho lilikuwa limemjaa usoni, jasho jembamba la baridi ambalo nililidhania kuwa maji ya karai. Alikuwa ameweka ngumi katikati ya kifua.

"Mama," akaniambia, "leo inabana."

Nikamwambia, "Ngoja, Baba. Itatulia."

Alitaka kusema kitu kingine, akakatika katikati, akavuta pumzi, akaanza upya, akakatika tena. Mtu ambaye maisha yake yote alimaliza kila sentensi aliyoianza. Nami nikamwambia asiseme, apumzike. Nilikuwa nafuata sheria ya nyumbani. Tulikaa kimya sana. Tulikuwa wazuri sana wa kukaa kimya.

Saa saba lori la majani liliingia kituoni, mita mia mbili kutoka tulipoketi. Dereva ni Simiyu, mtu wa Bungoma, ambaye amezunguka vituo vyetu kwa miaka sita na hupiga honi tangu kwenye kona ili watu wajiandae. Mama aliondoka mbio kwenda kituoni. Mnadhani alikwenda kuomba gari? Alikwenda kumwomba asipige honi tena, kwa sababu Mzee anapumzika.

Simiyu alimwuliza, "Mzee ako na nini?"

"Ni moyo tu," Mama akasema. "Iko vile huwa."

Simiyu alipakia akaondoka bila honi. Ametuambia alivuka daraja, akapanda kilima cha kwanza, na neno lile likakataa kumtoka. Alisema, "Nilikuwa najiuliza, moyo *tu*? Hii kitu ndiyo inafanya mtu aitwe mzima, sasa iko *tu* namna gani?" Akatafuta mahali pa kugeuzia, na lori lililojaa haligeuki popote kwenye njia zetu. Aliporudi ilikuwa saa saba na nusu. Baba alikuwa ameinuka ili ajaribu kutembea, akawa ameanguka mlangoni mwa ghala, amezimia.

Walimweka juu ya majani, nikapanda naye, kichwa chake mapajani mwangu. Simiyu sasa alipiga honi njia nzima. Karibu na Othaya Baba alifungua macho. Alinitazama vizuri kabisa, kwa utulivu, kama anayesoma mshale.

"Mama," akasema, "hii si ile."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki saa nane kasorobo, kabla hatujafika hospitalini Othaya. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Daktari aliyempokea pale hakutugombeza, na ningefurahi kama angetugombeza. Nilimwuliza kama tungekuja mapema angepona. Akasema, "Mwalimu, siwezi kukuambia angepona. Lakini ile saa moja tungekuwa nayo sisi. Tungekuwa na kitu cha kujaribu." Nilirudi nyumbani nikafungua bati. Kadi ya mwaka 1971 inasema moyo ukikimbia ghafla, aketi atulie, na ukitulia upesi, aende kliniki siku inayofuata waupime. Nyuma ya kadi, kwa wino ule ule, imeandikwa kwamba ukija na maumivu ya kifua, au kukosa pumzi, au kizunguzungu na kuzimia, au ukikataa kutulia, asikae nyumbani hata kidogo, aletwe wakati huo huo. Daktari alikuwa amepiga mstari chini ya maneno ya mwisho. Baba alimtafsiria Mama nusu ya kwanza. Namjua baba yangu. Hakumficha kwa ubaya. Hakutaka mkewe awe anamtazama kila anapopanda kilima.

Nimemkasirikia kwa ajili ya hiyo nusu, na nimelia, na leo bado sijamaliza yote mawili. Nampenda. Ningempenda hata kama angetutisha.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo, zikifuatiwa na orodha ya jamaa, kwa sababu zilichapwa shuleni Jumanne. Lakini kuna jambo la Jumatano ambalo Mama ameniamuru niliongeze kwa mkono wangu, nilisome.

Jumatano mchana akina mama walikuwa hapa uani wakimenya viazi vya wageni. Watiri alikuwa miongoni mwao. Aliweka kisu chini, akashika kifua, akamwambia Wamucii amletee karai la maji. Wamucii akalileta. Watu wakaanza kunyamaza, kama walivyozoea kwetu.

Mama alikuwa ndani, ameketi na wajane wenzake. Alikisikia kile kimya kupitia mlango. Akatoka, akapiga magoti mbele ya Watiri, akamshika uso.

"Kifua inauma?"

"Iko na kitu nzito," Watiri akasema. "Lakini wacha nikae kidogo, mama Gathoni, itapita. Baba Gathoni alinionyesha..."

Hapo pumzi ikamwishia.

"Niambie jina ya watoto wako wote," Mama akasema, "bila kupumzika."

Watiri ana watoto watano. Alifika wa pili.

Mama alimwaga yale maji. Akajifunga leso, akaenda njiani. Baba mdogo Theuri akamfuata akimsihi, maana mnajua desturi yetu, mjane hatoki bomani kabla mumewe hajazikwa, na wazee walikuwa wameketi pale wanatazama. "Kagure, ati unaenda wapi? Rudi! Tutatuma mtu!"

Mama hakugeuka. "Mimi nimeshangoja mara moja," akasema.

Pikapu ya kanisa ilikuwa inapanda na viti vya mazishi haya. Mama alisimama katikati ya njia mpaka ikasimama. Viti vikashushwa kwenye tope, ndiyo maana leo baadhi yenu mmekalia viti vichafu, na tunaomba radhi. Baba mdogo Theuri ndiye aliyembeba Watiri mgongoni. Mama alipanda nyuma pamoja naye. Walifika Othaya kabla ya saa nane, na daktari yule yule alikuwa pale. Watiri alizimia akiwa tayari mikononi mwa daktari, mahali panapofaa kuzimia.

Kwa hiyo nawaomba, nyote mliofundishwa na Baba. Alichowafundisha hakikuwa uongo. Kwa ile ndogo kilimfaa mara kumi na saba. Lakini yeye mwenyewe, mtu mwangalifu kuliko wote niliowahi kuwajua, aliijua tofauti kwa kuchelewa, akaniambia, nami nawaambia ninyi kwa niaba yake. Ikija na kubana, ikija na kukosa pumzi, ikikuzungusha kichwa, au ikikataa tu kutulia, hiyo si ile. Piga kelele. Simamisha lori. Wasumbue watu.

Marehemu Elijah Gatimu wa Wamae ameacha mjane, Mama Kagure. Ameacha watoto wanne: mimi Gathoni, Wamae aliye Mwea, Murugi, na Kahiga ambaye bado yuko shule. Ameacha ndugu yake Theuri na wajukuu watatu. Na ameacha Watiri, ambaye hayuko nasi leo kwa sababu yuko wodini Othaya, na ambaye jana jioni, Simiyu ametuletea habari, alikaa kitandani akanywa kikombe kizima cha uji, akawataja watoto wake wote watano.

Baba, lala salama mikononi mwa Mungu wako. Mama yako nimekuruhusu.